Bibi analea wajukuu Moshi: jinsi ya kuomba msaada, kuanzia mtaani hadi halmashauri

Matanga yalipokwisha, ndugu walipanda mabasi wakarudi Dar, na mama yangu akabaki nyumbani Kibosho na wajukuu wake wawili, watoto wa marehemu dada yangu. Mkubwa alikuwa darasa la kwanza, mdogo bado wa kubebwa mgongoni. Msibani hakuna aliyeuliza habari za karatasi. Zilianza kuulizwa miezi mitatu baadaye, mdogo alipolazwa: wewe ni nani wa mtoto huyu, cheti chake kiko wapi, mama yake yuko wapi? Swali hilo la mwisho mama alilijibu kwa machozi tu. Naandika haya ili bibi au babu mwingine asifike dirishani mikono mitupu kama sisi. Na naandika hasa kwa ajili yako kijana unayesoma kwenye simu, maana mzee mwenyewe huenda asiyaone. Msomee, kisha fuatana naye.

Usianze na TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Wengi hukimbilia huko kwa sababu ndilo jina wanalolisikia, wakifika wanarudishwa mtaani. Anza na utambulisho, fuata vyeti, ndipo uombe msaada.

Hatua ya kwanza ni kwa mwenyekiti: wa mtaa kama mko ndani ya Manispaa, Pasua au Njoro kwa mfano, au wa kitongoji kama mko vijijini. Yeye atawapeleka kwa mtendaji. Beba kitambulisho cha taifa (cha NIDA) cha bibi au namba yake, kadi za kliniki za watoto, picha ndogo za pasipoti, na jirani anayeifahamu familia. Omba mambo mawili. La kwanza, barua ya utambulisho yenye muhuri, itakayotaja majina kamili ya watoto, tarehe zao za kuzaliwa, wazazi wako wapi, na kwamba bibi ndiye mlezi wao tangu mwezi fulani. Barua yetu ya kwanza iliandikwa "anaishi na watoto wawili", ikakataliwa. Kuishi na mtoto na kumlea ni mambo mawili, kwa hiyo isomeni papo hapo kabla ya kuondoka. La pili, watoto waingizwe kwenye orodha ya mtaa au kijiji ya watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi. Huduma nyingi huanzia kwenye orodha hiyo, na mtoto ambaye jina lake halimo ni vigumu kumkumbuka siku misaada inapofika.

Kama ukoo ulikaa kikao baada ya mazishi, na kwetu Uchagani kikao hakikosekani, muhtasari wake uongezwe mstari mmoja: watoto wanalelewa na nani. Waliohudhuria watie saini. Karatasi hiyo ina uzito, hasa shangazi au baba mdogo akija baadaye na maneno mengine.

Sasa vyeti. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo naomba uvumilie.

Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na kwa wilaya ofisi yake iko kwa Mkuu wa Wilaya. Tangazo la kizazi, ile karatasi mama anayopewa hospitali baada ya kujifungua, si cheti cha kuzaliwa, ingawa familia nyingi hulitunza zikidhani ndicho. Kama lipo, nenda nalo, litakurahisishia sana. Kama halipo, kusanya kila kinachotaja mtoto na wazazi wake: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, barua ya shule, barua ya mtendaji. Pengo likibaki, utaapa hati ya kiapo mbele ya hakimu au wakili.

Angalia majina herufi kwa herufi. Kadi ya kliniki ya mkubwa wetu ilikuwa imelowa maji ukutani, wino umesambaa, na nesi alikuwa ameandika Godlisen. Ubatizo unasema Godlisten. Shuleni wakaandika jina la babu mahali pa jina la baba. Karatasi tatu, mtoto mmoja, na ofisini anaonekana kama watoto watatu. Tulikaa mezani na mama jioni nzima tukazipanga, tukaamua jina lipi ndilo, kisha kiapo kikaeleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Fanyeni hivyo nyumbani kabla ya kwenda, si dirishani foleni ikiwa nyuma yenu.

Cheti cha kifo cha mzazi huwa kinasahaulika kabisa. Dada alifia Dar, akazikwa kihambani, yaani shambani kwetu nyumbani, na kibali cha mazishi tulikikuta kwenye mkoba wa shangazi aliyesafiri na mwili. Kitafuteni mapema, ndicho mtakachoanza nacho kuomba cheti. Unaweza kuona ni mzigo kwa sasa, lakini mtoto huyu akifika chuo, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi itataka cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA. Na kama marehemu alikuwa anachangia mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, watoto wana haki katika mafao yake, na bila cheti cha kifo madai hayaanzi. Ulizeni alikokuwa akifanya kazi. Familia nyingi haziulizi.

Malipo ya serikali yana kontroli namba na risiti. Ukiombwa hela mkononi, omba hivyo viwili kwa upole.

Ukiwa na barua na vyeti, au hata stakabadhi ya kuonyesha kwamba vimeombwa, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Atauliza mnakula nini, mnalala wapi, nani anasaidia, bibi ana maradhi gani. Mama alitaka kuficha kwamba kuna siku wanalala na uji tu, akiona ni aibu. Nikamwambia, mama, hapa siyo kijiweni, sema. Afisa anaweza kuja nyumbani kuona, na mtoto aliyekwisha pata akili ataongeleshwa naye. Msimfundishe la kusema. Omba namba ya faili lenu na uiandike.

Kutoka hapo njia zinaachana. Kwa matibabu, sera inasamehe gharama kwa watoto walio chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Hospitalini ulizia ofisi ya ustawi wa jamii, barua ya mtaa mkononi. Shule ya msingi na sekondari ya serikali haina ada, lakini sare na madaftari vipo, na hapo jumuiya ya kanisani, msikiti au kikundi kama KIWAKKUKI, kilichoanzishwa na wanawake wa hapa kwetu Kilimanjaro kupambana na UKIMWI, ni mahali pa kubisha hodi. Kuhusu TASAF, kaya huibuliwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa wakati wa zoezi la utambuzi, haziandikwi siku yoyote unayofika. Kwa hiyo bibi asikose mikutano, na jirani asimame aeleze hali kama bibi ana haya. Ukishaingia, watoto wahudhurie shule na wadogo wapelekwe kliniki, maana ruzuku hufuata masharti hayo.

Baba akiwa hai na amejificha, bibi si ombaomba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu ndugu kuomba mahakamani amri ya matunzo dhidi yake, na ndugu anayemlea mtoto anaweza pia kuomba amri ya kukaa naye. Mwanzie kwa afisa ustawi, mengi humalizwa mezani kwake. Na mtoto akipigwa, akinyanyaswa au mtu akitaka kumchukua kwa nguvu, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure, saa yoyote.

Mwisho, toeni nakala mbili za kila kitu. Moja ikae kwako wewe uliye mjini. Za asili ziwekwe kwenye kopo la biskuti lenye mfuniko mgumu, juu ya kabati, mbali na jiko na mbali na paa linalovuja, na mjukuu mkubwa aonyeshwe lilipo.