Kuunda kundi la watatu la jazi: muulize kila mpigaji alikotoka

Piano, besi ya kusimama na dramu. Kukiwa na watu watatu tu, kila noti inasikika na kila kosa linaonekana. Kabla ya kuwakutanisha, muulize kila mmoja alijifunzia wapi muziki. Jibu litakuambia mapema kosa atakalolifanya siku ya kwanza ya mazoezi, na kile alichonacho ambacho wenzake hawana.

Anza na piano, maana ugomvi mkubwa uko hapo. Mpiga piano aliyekulia kwenye kwaya amezoea kuwabeba waimbaji peke yake: mkono wa kushoto unapiga noti ya msingi, ile inayoipa kordi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) jina lake, kule chini, mara nyingi kwa oktavu (noti ileile ya chini na ya juu kwa pamoja), na wa kulia unajaza. Sikio lake ni kali na anaweza kuhamishia wimbo kwenye ufunguo wowote. Lakini akiwa na mpiga besi, wote wawili wanagombania noti ileile. Besi ya kusimama haina vigawanyo shingoni, hivyo ikipishana kidogo tu na piano kule chini, sauti zinakuwa tope.

Dawa ni mkono wa kushoto kuacha noti ya msingi. Katika ufunguo wa C, kwenye mfuatano wa kordi za Dm7, G7 na Cmaj7, apige F-A-C-E, kisha F-A-B-E, kisha E-G-B-D. Tazama vidole: kutoka kordi ya kwanza kwenda ya pili inasogea noti moja tu, C inashuka hadi B, na zingine tatu zinabaki palepale. Noti ya chini kabisa isipite D iliyo chini ya C ya katikati ya kinanda. Mwanzoni ataona kordi zimekosa miguu, kwa sababu anazipiga akiwa peke yake. Besi ikiingia na D, kordi inasimama. Afanye zoezi hili katika funguo zote 12, maana mkono uliozoea oktavu hurudi kwenye oktavu mara tu akili ikihamia kwenye solo.

Aliyesomea muziki wa klasiki ana ugonjwa mwingine. Anasoma haraka na mguso wake ni mzuri. Mpiga piano wa jazi Bill Evans, aliyehitimu masomo ya piano chuoni mwaka 1950, alitokea njia hiyo. Shida ni swingi, ule mdundo wa jazi unaobembea: noti mbili ndani ya pigo moja anazigawa sawasawa kama zilivyoandikwa. Mfundishe kugawa pigo sehemu tatu, noti ya kwanza ichukue mbili. Hiyo ni kwa mwendo wa wastani. Mwendo ukifika mapigo 250 kwa dakika, noti zinakaribia kulingana, na akilazimisha swingi ile ya polepole muziki utachechemea. Bluzi ya vipimo 12 (kila kipimo ni mapigo manne) apige bila karatasi, tangu siku ya kwanza.

Mpiga besi aliyetoka kwenye besi ya umeme atarudiarudia kipande kimoja kama kwenye roki. Jazi inamtaka atembee: noti nne kwa kila kipimo, ya kwanza iwe msingi wa kordi, ya nne ipakane na msingi unaofuata. Kwenye Dm7 inayoelekea G7, apige D, F, A, A-flati, ndipo G. Pia apige skeli (noti zinazopanda na kushuka kwa mfuatano) polepole kwa upinde dakika 20 kila siku, kwa sababu upinde haufichi noti iliyokaa vibaya. Aliyetoka orkestra hana shida ya upinde. Yeye atie nguvu kwenye kudonoa: atumie ubavu wa kidole cha shahada, si ncha.

Usimkatae aliyeanzia chombo kingine. Mpiga besi wa jazi Scott LaFaro alipitia piano, klarineti ya besi na saksafoni, akashika besi akiwa na miaka 18. Katika rekodi za klabu ya jazi ya Village Vanguard, New York, za Juni 25, 1961, akiwa na Evans na Paul Motian kwenye dramu, besi yake inaijibu piano kama mpuliza ala anayeongea na mwenzake.

Mpiga dramu wa roki huweka mdundo mguuni. Uhamishie kwenye tasa kubwa la mkono wa kulia, na haihati (tasa mbili zinazogongana) ifungwe kwa mguu kwenye pigo la 2 na la 4. Dramu ya mguu ya inchi 18 inatosha, na iguswe tu, kwa sababu uzi wa chini wa besi, E ya takriban hezi 41 (mitetemo kwa sekunde), humezwa haraka na mguu mzito. Besi ipigwe bila amplifaya, wewe simama mita 3 mbele. Usipoisikia, dramu zimezidi. Mpiga dramu ashike brashi badala ya vijiti hadi uisikie.

Mpiga besi asimame kati ya piano na dramu, upande wa tasa lile kubwa, akiuona mkono wa kushoto wa mpiga piano.

Kwenye mazoezi weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye 60 kwa dakika, na mhesabu midundo yake kuwa pigo la 2 na la 4, hivyo mwendo wenu ni 120. Pigeni bluzi wawili wawili: besi na dramu dakika 10, piano na besi dakika 10, piano na dramu dakika 10, ndipo wote. Rekodini kila awamu kwa simu. Mwendo ukikimbia palipo na dramu tu, unajua wa kuongea naye. Ukikimbia kila awamu yenye piano, kordi za mkono wa kushoto zinawahi. Mwisho wa wimbo ukubaliwe kabla hamjaanza: vipimo 4 vya mwisho mara tatu, na mpiga piano ndiye anayeinua kichwa kutoa ishara.