Sheria ndogo ya ziwa: itafuteni ingali rasimu

Ndugu zangu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, halmashauri ya wilaya ikitaka kutunga sheria ndogo inayogusa ziwa, iwe ushuru wa dagaa au mahali pa kuegesha mitumbwi, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya Tanzania, Sura ya 287, inaitaka kwanza iwatangazie wakazi ili watoe maoni au pingamizi. Shida ni tangazo lenyewe: karatasi yenye muhuri kwenye ubao wa ofisi ya kata, nusu yake imefunikwa na tangazo la mnada. Mvuvi aliyekesha ziwani ataliona saa ngapi?

Muulizeni mtendaji wa kata na viongozi wa BMU (kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni) mara kwa mara kama kuna rasimu. Ipigeni picha, itumeni kwenye grupu la mwalo. Pingamizi liwe la maandishi, litaje kifungu mnachokipinga, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Sheria ndogo ya kijiji hujadiliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Hapo mama muanika dagaa ana haki ya kusema sawasawa na tajiri wa mitumbwi, kwa hiyo akina mama, nendeni.