SOMO: Kuidai Serikali fidia ukipigwa au kuwekwa ndani bila haki (Kigoma na Tabora)

Naandika mara moja, na kuanzia leo anayenifuata inbox nampa hii. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Kigoma Ujiji, si wakili. Kesi yenyewe utahitaji wakili, lakini akina sisi wengi tunafika kwa wakili tukiwa tumeshaiharibu.

1. Kama ndugu yako bado yuko ndani, mtoe kwanza. Sheria inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kama hajapewa dhamana. Kituo kikikana kuwa naye, Mahakama Kuu inaweza kuombwa iamuru aletwe mbele yake.

2. PF3 (fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa), siku hiyohiyo. Kituo kimoja kikikunyima, nenda kingine, au panda kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya). Daktari akishaijaza, itoe kopi kabla hujairudisha, kwa sababu askari aliyekupiga anaweza kuwa ndiye anayeipokea pale kaunta. Piga picha za majeraha zinazoonyesha na sura yako. Picha ya mgongo mtupu ni mgongo wa mtu yeyote.

3. Kusanya karatasi. Namba ya RB (taarifa yako kwenye kitabu cha polisi), karatasi ya dhamana, hati ya mashtaka, nakala ya hukumu au amri ya kukuachia, risiti za dawa na za nauli. Ukidai kwamba ulishtakiwa kwa hila, lazima kesi ile iwe imekwisha kwa upande wako, na uonyeshe kwamba hapakuwa na sababu ya msingi ya kukushtaki na kwamba kulikuwa na nia mbaya. Kuachiwa peke yake hakutoshi. Watu wengi wanaachiwa kwa kukosekana ushahidi na hawana kesi ya kudai.

4. Lalamiko. Kwa RPC (kamanda wa polisi wa mkoa), au Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ni bure. Usikae ukisubiri jibu lao huku muda wa kufungua kesi unayoyoma.

5. NOTISI YA SIKU 90. Hapa soma mara mbili. Sheria ya Mashauri ya Serikali, Sura ya 5, inakukataza kuishtaki Serikali kabla hujaipa notisi ya siku zisizopungua 90, inayoeleza nani alikufanyia nini, lini, wapi, na unadai nini. Kwa polisi, inakwenda kwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Mambo ya Ndani na Inspekta Jenerali. Kwa magereza, wizara ileile na Kamishna Jenerali wa Magereza. Nakala LAZIMA ziende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Hao ni watu wawili, na ofisi mbili.

Kuna kijana wa bodaboda namfahamu, kesi yake ilikuwa safi kabisa: kalala ndani siku nne bila shtaka, jino limevunjwa, PF3 ipo, mashahidi wapo. Notisi ikapelekwa kwa mkuu wa kituo tu, kwa mkono, bila muhuri wa kupokelewa. Mawakili wa Serikali wakaja na pingamizi la awali, kesi ikaondolewa, hakuna shahidi hata mmoja aliyepanda kizimbani. Alipotaka kuanza upya akakuta ukomo, yaani mwisho wa muda wa kufungua kesi, unamsubiri mlangoni.

Na huo ukomo usikuchanganye. Madai ya kawaida ya madhara yana miaka 3. Lakini fidia kwa jambo ambalo mhusika anasema alilifanya katika kutekeleza sheria ina mwaka 1 tu, na askari siku zote atasema alikuwa anatekeleza sheria. Kwa hiyo hesabu mwaka. Toa siku 90 za notisi, toa muda wa kumtafuta wakili, uone kinachobaki. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "niko namwachia Mungu kwanza" miezi minane baada ya tukio, nachoka.

Peleka kila barua na nakala ya ziada, nakala yako igongwe muhuri na tarehe. Ukituma kwa posta, tuma rejista na utunze risiti. Siku 90 zianze kuhesabiwa tangu ilipopokelewa, siyo tangu ulipoandika. Usifungue siku ya 88 kwa haraka zako.

6. Fungua Mahakama Kuu. Siyo ya Mwanzo, siyo ya Wilaya. Inafunguliwa kwenye masjala ya eneo tukio lilipotokea: Kigoma tunayo yetu, haturudi tena Tabora kama zamani. Mwanasheria Mkuu aunganishwe kama mdaiwa, asipounganishwa shauri zima linakufa. Ukimshtaki askari peke yake, hata ukishinda utamdai mtu mwenye mkopo wa benki kwenye mshahara.

7. Fidia. Hasara mahsusi (dawa, siku za kazi, pikipiki iliyokaa kituoni) itaje shilingi kwa shilingi na uithibitishe kwa risiti. Maumivu na fedheha ni fidia ya jumla, kiasi anakipima jaji mwenyewe.

8. Kumalizana. Mahakama itawapeleka kwenye usuluhishi. Mkikubaliana, hati isajiliwe mahakamani iwe amri. Usisaini karatasi ya "nimesamehe, sidai chochote" kituoni ili upewe simu yako.

9. Kulipwa. Huwezi kumtuma dalali akakamate Land Cruiser ya polisi, mali ya Serikali haikamatwi. Unachukua hati ya mahakama inayothibitisha deni, unafuatilia malipo. Vaa viatu vizuri.

Maswali chini.

---

kadogoo_gungu: Mkuu notisi napeleka wapi?

Mwandishi: Hatua ya 5.

kadogoo_gungu: Nimesoma ila ni ndefu

Mwandishi: Na kesi ni ndefu kuliko hiyo.

Mama Shani (Tabora): Habari za kazi kaka. Mdogo wangu ni mahabusu, tulipomtembelea tumemkuta na mkono umevimba, anaogopa kusema mbele ya askari. Nifanyeje bila kumponza?

Mwandishi: Salama dada, pole sana. Kwanza, siku ya kesi mwenyewe aeleze mbele ya hakimu na aombe iandikwe kwenye mwenendo wa shauri. Hakimu anaweza kuamuru akatibiwe, na maneno yakishaandikwa pale hayafutiki. Pili, andikia Tume, ina mamlaka ya kuingia magerezani kukagua na kuzungumza na mahabusu. Tatu, daktari aliyemtibu ndani ana rekodi, wakili anaweza kuiomba. Kuwa mahabusu, hata mfungwa, hakumwondolei haki ya Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba inayokataza kuteswa. Wewe andika leo daftarini: tarehe uliyomwona, mkono upi, alisema nini.

Ruhinda_Kasulu: Swali la kutaka kujua tu. Naona Marekani familia ya George Floyd, yule aliyeuawa na polisi, ilipewa dola milioni 27. Huko hakuna hizi notisi?

Mwandishi: Swali zuri. Zile zililipwa na mji wa Minneapolis, Machi 2021, kwa makubaliano. Kesi yenyewe ilisimama kwenye sheria yao ya 1871 inayomruhusu mtu kumshtaki ofisa aliyevunja haki zake za kikatiba. Kwa hiyo fedha zinatoka kwa walipa kodi wa mji, mara chache sana mfukoni mwa askari. Na milango wanayo na wao: askari ana kinga kama mahakama haijawahi kusema wazi kwamba kitendo cha aina ile ni kosa, na mfungwa, tangu sheria ya 1996, lazima amalize kwanza ngazi za malalamiko ndani ya gereza. Akikosea fomu au siku, kesi inatupwa. Unaona inavyofanana na hatua ya 5.

Iliyonigusa zaidi ni Chicago. Mwaka 2015 baraza la mji lilipitisha dola milioni 5.5 kwa watu walioteswa na kikosi cha kamanda Jon Burge, wakaongeza kuomba radhi rasmi na somo la historia hiyo kwenye shule za mji. Ukikaa mezani kumalizana, unaweza kuomba na vitu visivyo fedha.

Ruhinda_Kasulu: Asante mwalimu. Na hawa wa Mau Mau?

Mwandishi: Juni 2013, Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228 wa Kenya walioteswa na wakoloni wa Kiingereza enzi za hali ya hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Nyaraka zilizokuwa zimefichwa ndizo zilisaidia kufika hapo. Karatasi tena.

mzee_wa_kijiwe: Kazi bure. Serikali haishindwi.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Inashindwa. Wengi hawafiki hata kusikilizwa, ndiyo maana nimeandika.

Zitta_Mwandiga: Si tuende tu Mahakama ya Afrika, iko Arusha hapo?

Mwandishi: Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua kesi pale moja kwa moja, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa kesi mpya. Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha hiyohiyo, bado inapokea, lakini ndani ya miezi 2 tu tangu tukio au tangu ulipojua. Wengi wanaamka miezi mitano baadaye.

dagaa_kibirizi: Mimi si polisi, ni mgambo wa halmashauri wamenichukulia magunia ya dagaa yakaozea kwao. Inahusu?

Mwandishi: Inahusu. Tangu marekebisho ya 2020 halmashauri nayo ina notisi ya siku 90 na Mwanasheria Mkuu anaunganishwa. Notisi kwa mkurugenzi, nakala kwa wale wawili wa hatua ya 5. Una karatasi ya mzigo?

dagaa_kibirizi: Ninayo ya ushuru, imelowa kidogo lakini inasomeka.

Mwandishi: Ipige picha sasa hivi. Halafu nenda kwa aliyekuuzia, akuandikie uzito, bei na tarehe, asaini, aweke namba ya simu.