Kufundisha Kokteli Jikoni Kwako Uingereza: Neno "Mchango" Halitakuokoa

Ukipokea hela ya mtu kisha ukampa pombe, umeuza pombe. Uiite mchango, ada, shukrani au sadaka, ni mamoja. Sheria ya leseni ya mwaka 2003 inayotumika Uingereza na Wales haijui harambee, na hapo ndipo tulipoliwa sisi wa kikundi chetu cha watu wa Kisumu, Kakamega na Nakuru. (Uskoti wana sheria yao, ulizeni huko.)

Naandika nikiwa likizo Kisumu, na vijana wawili wa ukoo tayari wameniuliza kama biashara hii "inalipa". Inalipa kiasi. Unakusanya watu wanane jikoni, unawafundisha kuchanganya vinywaji bila majivuno ya baa za mjini, mnacheka, wanaondoka na ujuzi. Watu hupenda. Shida iko kwenye hela na chupa kukaa meza moja.

Huko mjini kwetu kuna jamaa ana ofisi na tai, hujiita mshauri wa biashara za wahamiaji. Tulimlipa, akatuhakikishia: msiandike bei, andikeni "mchango wa pauni 25", mko salama. Tukakodi ukumbi mdogo, tukasambaza tangazo. Wiki ya hafla ikaingia barua pepe kutoka kaunsili, yaani serikali ya mtaa. Upole mtupu, kila sentensi inaanza na "tungependa kukukumbusha", halafu chini kabisa, kwa upole uleule, adhabu ya kuuza pombe bila kibali: kifungo cha hadi miezi 6, au faini isiyo na kikomo, au vyote viwili. Hafla ikafa. Amana ya ukumbi haikurudi, watu tukawarudishia chao, na mfuko mzima wa ndimu ukaozea kwenye friji yangu. Mshauri hashiki simu hadi leo.

Kipimo ni rahisi na nawasihi mkitumie kabla ya kusikiliza mtu yeyote mwenye tai. Asiyetoa hela atapata glasi? Kama hapati, hayo ni mauzo. "Kinywaji kimoja bure kwa kila tiketi" ni mauzo. Ada ya mafunzo ambayo ndani yake mna vodka uliyonunua wewe ni mauzo. Kaka yangu wa Kondele, hapa Kisumu, bado anabisha, anasema mbona nyumbani tunachangishana bia kwenye chama na hakuna anayeshtakiwa. Omera, nakupenda, lakini ushauri wako wa sheria za ng'ambo baki nao Kondele.

Njia halali ni mbili. Ya kwanza ni kupeleka kaunsili notisi ya hafla ya muda, ambayo wao huiita TEN. Ada yake ni pauni 21, fomu iko mtandaoni, na inakuruhusu kuuza pombe mahali palipotajwa kwa watu wasiozidi 499, wewe na wasaidizi wako mkiwemo. Fomu si kazi. Kazi ni kuhesabu siku. Wanataka siku 10 kamili za kazi, na siku ya kupokelewa haihesabiwi, siku ya hafla haihesabiwi, Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi, sikukuu hazihesabiwi. Kama hafla yako iko karibu na Pasaka, Ijumaa Kuu na Jumatatu yake zote zinakatwa. Ipo notisi ya kuchelewa, ya kati ya siku 9 na 5 za kazi, lakini hiyo msiitegemee: polisi au watu wa afya ya mazingira wakiipinga, imekwisha, hakuna kusikilizwa wala kukata rufaa. Peleka mapema. Narudia, peleka mapema, na usilipe amana ya ukumbi kabla notisi haijapita.

Njia ya pili ndiyo ninayoifuata siku hizi. Kila mtu anakuja na chupa yake. Mimi nalipwa kwa kufundisha, na ninaweka meza ya vitu visivyo na kileo: maji ya ndimu, asali, shira ya sukari, tangawizi, barafu, nanasi, soda. Pombe hainunuliwi kwangu, haiuzwi na mimi. Aliyesahau chupa haendi kuchota ya mwenzake halafu akanipa mimi hela ya kufidia; hapo mmerudi kulekule kwenye mchango.

Mengine kwa kifupi. Jisajili kaunsili kama mtoaji wa chakula siku 28 kabla ya kuanza, ni bure. Mapato ya kando yakizidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, jiandikishe na watu wa kodi kabla ya tarehe 5 Oktoba inayofuata. Kata bima ya madhara kwa wageni. Kama umepanga, soma mkataba wa nyumba. Waulize watu wanachodhurika nacho kabla hujapasua yai. Asiye na miaka 18 hapati kitu chenye kileo, hata akiwa mtoto wa mwenyekiti wa kikundi.

Ila kwenye viza simameni kidogo. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo haruhusiwi kujiajiri kabisa, na zile saa 20 za kazi kwa wiki ni za kuajiriwa na mtu mwingine. Darasa moja la kulipwa la Jumamosi linatosha kukuharibia karatasi. Ndugu walioko nyumbani hawalielewi hili. Shangazi anadhani kwa kuwa una kipaji na una jiko, kazi imeanza. Mwambieni taratibu, msigombane naye kwenye simu.

Tuje kwenye darasa lenyewe. Waingereza ni watu wa ajabu kufundisha. Nusu saa ya kwanza wanakaa kama wanasubiri daktari, kila mmoja anaomba msamaha kwa kugusa limau. Baada ya glasi ya kwanza wanakuelezea talaka yao. Nadhani ni kwa sababu wamezoea kunywa tumbo tupu. Sisi hatuwezi kukaa na chupa bila kitu cha kutafuna. Kwa hiyo chapati na njugu hutangulia mezani, sina mjadala. Na wanaheshimu saa. Ukisema mwisho saa nne usiku, saa nne wanatafuta makoti, wakati wetu ndio kwanza wanafika.

Kipimo kimoja kinabeba kazi nzima: pombe kali sehemu mbili, kitu kichachu sehemu moja, kitamu sehemu moja. Usinunue vyombo vya bei. Kijiko cha mezani ni mililita 15, basi vinne vya pombe, viwili vya maji ya ndimu, viwili vya shira iliyotengenezwa kwa sukari na maji sawa kwa sawa. Tia kwenye chupa tupu ya jemu yenye kifuniko kinachobana, jaza barafu, tikisa mpaka kioo kifanye ukungu na vidole viume, kama sekunde 12 hivi. Ukiweka ramu umepata daiquiri. Chenye juisi, maziwa au yai hutikiswa; chenye pombe tupu, kama negroni, hukorogwa polepole kwa kijiko. Soda haitikiswi kamwe. Nilisema haitikiswi, dada mmoja wa Nakuru akatikisa tonic, na doa lake liko kwenye dari hadi leo.

Somo ninaloanza nalo kila mara ni dawa, kinywaji kilichopata jina pale Carnivore, Nairobi. Vodka, ndimu iliyokatwa vipande, sukari ya kahawia, barafu, na kijiti kilichozungushiwa asali nzito cha kupondea ndimu ndani ya glasi. Jikoni za Uingereza ni baridi na asali huganda ikawa jiwe, basi weka bakuli lake ndani ya maji moto kwanza. Ponda ndimu kiasi cha kutoa maji tu. Ukiisaga, ganda jeupe linatoa uchungu na mtu atadhani umemtibu kweli. Asiyekunywa pombe anapewa ileile bila vodka, na tangawizi iliyotwangwa. Glasi iwe sawa na ya wengine ili asiulizwe maswali.

Mkono wa kwetu ni mzito, kwa hiyo pimeni. Vijiko vinne vya pombe ya asilimia 40 ni yuniti 2.4, yaani kipimo chao cha kileo, na madaktari wao wanashauri mtu mzima asizidi 14 kwa wiki. Glasi tatu zimeshakula nusu. Anayeendesha gari apewe ya tangawizi.

Na ndugu wa nyumbani wanaotaka "kuchangia darasa": juzi mjomba kaniletea chupa ya chang'aa iliyozibwa kwa gunzi la mahindi, eti nikawaonjeshe Wazungu. Ndege hairuhusu pombe kali isiyo kwenye chupa yake ya dukani, na ikizidi asilimia 70 hairuhusiwi kabisa, na chang'aa ya mjomba hakuna aliyewahi kuipima. Mniletee ukwaju wa soko la Kibuye. Huo unasafiri.

Ujumbe wa mwaliko ninaoutuma sasa uko hivi, unakilini: "Darasa la kokteli, Jumamosi saa kumi na moja jioni. Ada ni ya mafunzo na vitu visivyo na kileo peke yake. Pombe haiuzwi wala haitolewi. Njoo na chupa yako, chupa ya jemu na hamu ya kula. Asiyekuja na chupa atakunywa maji ya ukwaju."