Betri ya boti ya dagaa huharibikia mbalamwezi

Mwezi unapokaribia kupevuka, boti za dagaa hapa Mkokotoni hutulia. Mwanga umetapakaa bahari nzima, dagaa hawakusanyiki tena chini ya taa. Mabaharia wanavuka kwenda kwao Tumbatu, wengine wanapanda gari la Nungwi, nyavu zinaanikwa na kushonwa. Mimi ndio kwanza kazi yangu inaanza. Ni fundi wa umeme wa boti, na kwa niliyoyaona, betri nyingi huharibika ndani ya hizo siku kumi hivi za mbalamwezi, zikiwa zimewekwa nyumbani. Zikifika baharini zinaonesha tu ugonjwa zilioupata pwani.

Ami yangu alinunua betri mbili mpya za 100Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme betri inachobeba). Giza la kwanza, yaani siku zisizo na mwezi ambazo boti hutoka kuvua, zikamfanyia kazi vizuri sana. Usiku wa mwisho walirudi taa zimeshafifia, wakazishusha, wakaziweka nyuma ya mlango, wakasema watazichaji giza likikaribia. Zilikaa siku kumi na moja. Nilipoitwa kuzipima, moja ilikuwa volti 11.6 na nyingine 11.4. Nilizichaji siku mbili mfululizo, lakini tangu hapo hazikuwasha taa zaidi ya saa tatu. Pesa ya msimu mzima ilipotea hivyo, na hakuna aliyezipiga wala kuziangusha.

Kilichotokea ni hiki. Ndani ya betri mna sahani za risasi zilizozama katika maji ya asidi. Kila unapotumia umeme, sahani hujipaka utando wa salfeti. Utando huo ukiwa mpya ni laini, na chaji inauondoa wote. Ukiuacha siku nyingi unaganda na kuwa mgumu, chaji haiuwezi tena. Ni sawasawa na ukoko wa wali chini ya sufuria: ukiuloweka papo hapo unatoka, ukiulaza mpaka kesho kutwa utaukwangua na hautatoka wote. Ndiyo maana nawaambia manahodha wangu: boti ikifunga diko, pale pwani inaposhushia samaki, alfajiri, betri iwe kwenye chaji kabla jua halijawa kali. Usisubiri jioni, na usisubiri giza lijalo.

Nunua mita ya kupimia volti. Taa kuwa na mwanga si kipimo, maana LED nyingi zinaendelea kuwaka vizuri huku betri ikiwa imeshakwisha. Iache betri saa mbili tatu bila kuchajiwa wala kutumiwa, ndipo upime. Volti 12.6 hadi 12.7 imejaa. 12.2 iko nusu. Ikifika 11.9 hesabu kwamba haina kitu. Ukiipima mara tu umeitoa kwenye chaja itakuonesha 13 na zaidi, na hiyo si chaji ya kweli, itashuka yenyewe.

Nusu ndiyo mpaka wangu. Betri ya risasi inayoshushwa chini ya nusu kila usiku haiishi muda mrefu, hata ukiichaji kwa adabu. Kwa hiyo piga hesabu kabla ya kununua. Chukua taa mbili za wati 50. Jumla ni wati 100, ugawe kwa volti 12, unapata ampea 8 na kitu. Ukiwasha kuanzia saa mbili usiku hadi saa tisa, saa saba hizo zinakula karibu Ah 58. Betri moja ya 100Ah inakuruhusu 50 tu. Hapo unahitaji mbili, zilizofungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, za ukubwa mmoja na zilizonunuliwa siku moja. Usifunge mpya na kuukuu pamoja, kuukuu itaivuta mpya ifanane nayo. Na ziwe betri za sola, zenye sahani nene. Ya gari ina sahani nyembamba, imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiwashia taa usiku kucha itakufa mapema. Kama mashine yako inawashwa kwa stata, ipe betri yake peke yake, isichangie na taa, usije ukashindwa kuwasha mashine upepo ukikugeukia.

Kuchaji kwenyewe, betri ya 100Ah naipa ampea 10, na volti zifike kama 14.4. Mwanzoni inapokea haraka, kisha sehemu ya mwisho inakwenda polepole sana, na hapo ndipo watu wanapokata tamaa. Umeme ulipokatika Unguja nzima, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, nilikuwa nachaji kwa jenereta saa mbili tatu tu, nikiogopa gharama ya petroli. Betri zilikuwa zinafika robo tatu, zinakwenda kazini, zinarudi, siku baada ya siku. Hazikujaa hata mara moja ndani ya miezi ile. Zilikufa zote tatu. Ule utando unaobaki kila siku kidogo kidogo ndio uliozimaliza. Kwa hiyo hata kama unachajisha kwenye kibanda cha mtu, usikubali kuambiwa "imejaa" baada ya saa mbili. Ipime mwenyewe baada ya kuipumzisha.

Kwa sola, paneli ya wati 100 ikipata jua zuri inatoa ampea 5 hivi, na jua la maana ni kama saa tano kwa siku. Hiyo ni Ah 25. Ukitumia 58 usiku, na kuna zinazopotea njiani, unahitaji paneli tatu ili ujaze ndani ya siku moja. Masika mawingu yakitanda hata tatu hazitoshi, uwe na chaja ya umeme pembeni. Paneli usiifunge moja kwa moja kwenye betri, pitisha kwenye kontrola, kifaa kinachodhibiti chaji. Na uifute: chumvi ikikauka juu ya kioo inapunguza jua.

Sasa maji, maana hapa ndipo mkono wa mtu unapoonekana. Betri yenye vifuniko ina vijumba sita. Futa kwanza juu yake kwa kitambaa chenye maji baridi ya bomba, mchanga au chumvi isianguke ndani. Fungua vifuniko, umulike kwa tochi, kamwe si kwa kiberiti. Utaona ncha za sahani zimejipanga wima. Maji yazifunike kwa kiasi cha sentimita moja. Ukikuta sahani zinachungulia, ongeza kidogo tu zifunikwe, kisha chaji, na ujaze kwenye alama baada ya chaji, kwa sababu maji hupanda wakati wa kuchaji na ukijaza mapema asidi itamwagika. Mimi natumia sirinji kubwa isiyo na sindano, kijumba kimoja kimoja. Kikiwapo kijumba kinachokauka mbele ya wenzake kila mara, hicho kina kasoro.

Maji yawe yale ya betri yaliyosafishwa, ya chupa ya dukani. Maji ya kunywa hayafai, na ya kisima chetu ndiyo mabaya zaidi. Tazama birika la nyumbani kwako lilivyojipaka weupe ndani: ile ni chokaa ya mawe yetu ya matumbawe, na ndiyo utakayoipeleka kwenye sahani. Asidi usiongeze. Kinachopungua ni maji, asidi inabaki mle mle, isipokuwa kama betri ilipinduka.

Vichwani mwa betri, panapofungwa waya, pakianza kuota unga mweupe au wa kijani, fungua hasi kwanza. Chanya ukiianza, spana ikigusa chuma cha mashine inapiga shoti mkononi mwako. Mwagia magadi ya kupikia yaliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, vifuniko vikiwa vimefungwa, yakitoa povu piga brashi, suuza, kausha. Funga chanya kwanza, hasi mwisho, kaza, kisha paka grisi juu ya kiungo kilichokwisha kazwa. Waya ukiukata ukaukuta mweusi ndani, chumvi imeshaupanda, ukate mpaka ufike palipong'aa au ubadilishe. Fyuzi iwe karibu na chanya ya betri.

Chajia mahali penye upepo. Betri inayochaji hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo si jikoni, na anayevuta sigara akae mbali. Baharini ikae ndani ya sanduku la plastiki, imefungwa kamba, juu ya maji ya ngamani, yale yanayokusanyika chini ndani ya boti. Maji ya bahari yakiingia kwenye asidi yanatoa klorini, hewa ya sumu. Maji yakitoka hapa mnabeba betri begani mwendo mrefu kuifuata boti: ishikeni wawili, iwe wima. Asidi ikimrukia mtu jichoni, asafishe kwa maji safi mengi kwa dakika kumi na tano na apelekwe hospitali.

Mbalamwezi ikiingia, basi, shusha betri, ichaji ijae, ifungue waya zote, uiweke kivulini juu ya ubao. Joto linaiua, si chumvi peke yake. Siku ya tano ipime. Ikiwa chini ya 12.5, irudishe kwenye chaji.

Iliyokufa ipeleke kwa wanunuzi wa betri mbovu ikiwa nzima. Najua watu wanaozivunja uani na kuyeyusha risasi kutengeneza chubwi, vile vizito vya kuzamishia mishipi. Moshi wake na vumbi lake vinaingia kwa watoto wanaocheza pale, na risasi inawadhuru akili. Chubwi za dukani si ghali kiasi hicho.

Siku moja kabla ya kutoka, washa taa zote kwa saa moja hapo nyumbani, kila betri peke yake, ukipima mwanzo na mwisho. Moja ikishuka haraka kuliko mwenzake, iache. Nenda na ile nzima, na taa moja.