Sentensi ndefu ya Kiingereza inakuchanganya? Chukua penseli

Kama ulisoma primari kwa Kiswahili afu form one ukapewa kitabu cha baiolojia chote Kiingereza unaijua hii hali, sentensi ina mistari minne, maneno karibu yote unayajua, ila ukiulizwa nani kafanya nini huna jibu. Jamani tatizo mara nyingi sio misamiati, dikshenari iweke pembeni kwanza.

Kwetu kwenye Kiswahili kitenzi kinamtaja mtendaji mwenyewe. Ukisikia "kimepotea" unajua ni kile kitabu hata kama yamepita maneno kumi katikati. Kiingereza karibu hakina hiyo, inabidi umtafute. Angalia hii:

"The farmers who sold the maize that the traders refused to buy were paid yesterday."

Wengi watakwambia waliolipwa ni traders kwa sababu wako karibu na were paid. Sasa wewe ukikuta who, which au that inayoelezea neno lililotangulia fungua mabano kwa penseli, yafunge maelezo yanapoishia. Hapa unafungua kwenye who unafunga baada ya buy, afu soma kilichobaki nje: "The farmers were paid yesterday." Wakulima ndo walilipwa, ya ndani ni "waliouza mahindi ambayo..." tu, utayarudia baadae taratibu.

Kazi ipo pale that ikifichwa, na wanaificha sana. "The medicine the nurse gave the child had expired." Medicine na nurse zimegongana, hamna koma hamna and, basi chomeka that mwenyewe hapo katikati: dawa ambayo nesi alimpa mtoto ilikuwa imeisha muda. Kiswahili hakituruhusu kuiacha hiyo "ambayo" au -o- (kama ya "aliyompa"), ndo maana jicho letu halijazoea.

Mtego mwingine ni -ed. "The goods stored at the port were stolen." Stored unaweza dhani ndo kitenzi kikuu, lakini jiulize, mizigo inahifadhi nini? Ni mizigo iliyohifadhiwa bandarini, kitenzi kikuu ni were stolen.

Na ukikuta nomino zimepangwa foleni kama "school leaving certificate examination fee" anza kusoma nyuma kuja mbele: ada ya mtihani wa cheti cha kumaliza shule.