Siti ya boli valvu isiyovuja kwenye baridi ya hasi 162

Siti ya tefloni, yaani pete ya plastiki inayogusa tufe lenye tundu (boli) linalofungua na kufunga valvu, inabana vizuri kwenye gesi ya bomba, kama ile ya Madimba au Songo Songo. Mtambo unaokusudiwa Likong'o, Lindi, ni habari nyingine: gesi itageuzwa kimiminika kwa nyuzi hasi 162, na siti hiyohiyo itavuja.

Piga hesabu kabla ya kukereza. Kutoka joto la kawaida hadi hasi 196, ambalo ni joto la naitrojeni kimiminika ya kupimia, tefloni husinyaa takriban asilimia 2, PCTFE (plastiki ngumu kuliko tefloni) kama 1.1, chuma cha pua 0.3. Siti ya tefloni ya mm 120 inapungua mm 2.4, mfuko wake wa chuma mm 0.36 tu. Inabaki nafasi ya milimita moja kila upande, na uvujaji unapita nyuma ya siti. Wengi hulilaumu tufe wakalisaga upya bure.

Kwa hiyo usiishike plastiki kwa ukingo wa nje. Tumia PCTFE yenye unene wa mm 6 hivi, ipachike kwenye pete ya chuma cha pua yenye bega la ndani, ili ikisinyaa ilikumbatie bega. Ikae bila kulazimishwa ikiwa na joto. Ukiibana tangu mwanzo, baridini inaweza kupasuka. Kati ya pete na bodi weka sili ya mdomo ya tefloni yenye springi ndani, mdomo ukielekea kwenye presha. Oringi ya mpira hapa haifai hata kidogo.

Nyuma ya pete weka springi za Inconel X-750, aloi ya nikeli. Mwendo wake ndio unaosahaulika: wakati wa kupoza, tufe hupoa kabla ya bodi. Tufe la mm 150 linapungua mm 0.45, nusu kila upande; ongeza mm 0.07 za kusinyaa kwa unene wa plastiki, unapata karibu mm 0.3. Springi iweze kufuata mara mbili ya hapo na bado isukume.

Kimiminika kikinaswa ndani ya bodi kikapata joto, hutanuka hadi mara 600 na kinaweza kupasua valvu. Kipenyo cha sili ya mdomo kizidi kwa milimita 4 hivi kipenyo cha mduara ambao siti inagusa tufe. Presha ya ndani itairudisha pete nyuma na kujitoa yenyewe. (Hii ni kwa tufe lililoshikwa juu na chini.)

Tufe na pete zikerezwe zikibakizwa mm 0.5, zitumbukizwe kwenye naitrojeni kimiminika mpaka mtokoto utulie, zirudi joto, ndipo zimaliziwe. Ukiruka hatua hii, umbo linahama baridini.

Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na punje ya barafu inakwaruza siti. Osha grisi yote, puliza naitrojeni kavu, unganisha chumbani, ziba ncha mara moja.

Pima kwa heliamu kwenye hasi 196, kisha tena valvu ikirudi joto. Milango iwe wazi: naitrojeni haina harufu, na inafukuza oksijeni.